Je, nimekosea kuipenda A Quiet Place: Day One?

Swali: Rafiki zangu wanaisifu filamu ya Alien: Romulus. Mimi iliyonitisha ni A Quiet Place: Day One. Zote ni za 2024. Nimekosea?

Jibu: Hujakosea hata kidogo. Romulus, ya Fede Álvarez, ina ustadi: viumbe vyake vingi ni vya kutengenezwa kwa mkono, si vya kompyuta tu, na pale Rain, mhusika mkuu, anapoelea katikati ya damu yao ya asidi, pumzi inakatika. Kisha inajiharibia. Sura ya mwigizaji Ian Holm, aliyefariki 2020, imefufuliwa kidijitali iwe roboti. Midomo inakwenda huku, macho kule, na hofu inageuka karaha. Tena inaazima mno kutoka Alien ya 1979.

Day One, ya Michael Sarnoski, hadithi yake ni nyembamba, nakubali. Ila ina Lupita Nyong'o. Humo viumbe huwinda kwa kusikia, kusema ni kufa, basi uso wake ndio unaosema: mgonjwa wa saratani, New York inateketea, naye anachotaka ni piza ya Harlem. (Paka wake hapigi kelele hata mara moja, hilo ndilo lililonishinda kuamini.) Ukitaka kushtuka tu, chagua Romulus, sauti juu; ukitaka hofu ya uso huo, baki na Day One.