MZEE NA MTOTO KATIKA MAJLISI MOJA
Somo la kupokezana khabari

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu katika udhaifu, kisha akampa nguvu, kisha akamrejesha katika udhaifu na mvi, kama ilivyobainishwa katika Sura ya Ar-Rum. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad:

Jua, ewe msomaji, ya kuwa udhaifu wa mtoto na udhaifu wa mzee umewekwa katika ncha mbili za umri, na katikati yake wako wenye nguvu. Na desturi iliyoenea mijini siku hizi ni kwamba wenye nguvu huwatenga wote wawili. Mtoto huenda skuli asubuhi na chuoni jioni. Mzee huachwa barazani na tasbihi yake. Mtoto akicheka msikitini hufukuzwa. Mzee akikariri kisa kimoja mara ya tatu, wanawe huondoka mmoja mmoja. Somo hili labainisha kwamba kuwakutanisha wawili hawa si hisani wanayotendewa. Ni kuhifadhi amana; kwani mzee anayo khabari na hana muda, na mtoto anao muda na hana khabari.

1. ASILI YA JAMBO HILI KATIKA DINI

Anas bin Malik (r.a.) alipelekwa na mama yake kwa Mtume (s.a.w.) naye ni mtoto wa miaka 10, akamtumikia miaka 10. Kisha akaishi hata akapita miaka 100, akafa Basra karibu na mwaka 93 wa Hijra, baada ya kupokewa kwake hadithi zaidi ya 2,000. Mtu huyu mmoja alikuwa mtoto katika majlisi ya wakubwa, kisha akawa mzee katika majlisi ya wadogo. Lau Mtume (s.a.w.) angalimwona kuwa ni mdogo asiyefaa kukaa na watu wazima, umma ungalikosa mengi.

Na Mahmud bin Rabii (r.a.) alikuwa na miaka 5 tu Mtume (s.a.w.) alipochota maji katika ndoo akamrushia usoni kwa kinywa chake, kwa kumchezea, naye akalikumbuka jambo hilo maisha yake. Imamu Bukhari ameitaja khabari hii, na wanazuoni wa Hadithi wakaifanya kuwa hoja kwamba mtoto wa umri huo yafaa asikilizishwe hadithi. Ndiyo sababu watu wa zamani wakiwabeba watoto wao wadogo kuwapeleka kwa masheikh waliokwisha kuzeeka, ili isnadi iwe fupi, na wapokezi kati yao na Mtume (s.a.w.) wawe wachache.

Wala mtoto hakuwa katika majlisi zile kama mkeka wa kukaliwa. Amepokea Sahl bin Saad (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji, na kuliani kwake yuko mtoto, na kushotoni wako wazee. Haki ilikuwa ya aliye kuliani, basi akamwomba mtoto idhini awape wazee kwanza. Mtoto hakukubali kumwachia mtu fungu lake litokalo kwa Mtume, naye akapewa kile chombo mkononi mwake. Katika kisa hiki wazee wametukuzwa kwa kuombewa idhini, na mtoto ametukuzwa kwa kuulizwa na kutonyang'anywa haki yake.

2. MFANO WA SONGEA

Wala asidhani mtu kwamba faida hii ni ya elimu ya Hadithi peke yake. Itazame khabari ya Songea, mji mkuu wa mkoa wa Ruvuma. Watu wa pwani wanaijua nchi ya Wangoni tangu zamani, kwani misafara ya Kilwa iendayo Ziwa Nyasa, ya pembe na ya watumwa, ilipita kule.

Mwezi wa Julai 1905 vita vya Majimaji vilianza Umatumbi, bara ya Kilwa, na kabla mwaka haujesha vikafika Ungoni. Watu walipewa maji ya dawa wakaambiwa kwamba risasi za Wadachi hazitawadhuru. Na risasi ziliwaua. Tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga Songea watu zaidi ya 60 katika wakubwa wa Wangoni. Nduna Songea Mbano, ambaye mji waitwa kwa jina lake, naye alinyongwa mwaka huo huo. Kisha ikaja njaa kubwa, kwa kuwa askari walichoma vyakula na mashamba.

Kwa muda mrefu kalamu ilikuwa mikononi mwa wenye kunyonga. Khabari ya upande wa pili ilikaa vifuani mwa watu. Mwaka 1968 chuo kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake vijijini wakawaulize wazee juu ya vita vile. Miongoni mwao O. B. Mapunda na G. P. Mpangara walikusanya khabari za Ungoni, na kazi yao ikapigwa chapa mwaka 1969.

Sasa fanya hesabu, ewe msomaji. Tangu 1906 hata 1968 ni miaka 62. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 siku wakubwa wake waliponyongwa, alikuwa na miaka 72 siku alipoulizwa. Lau wanafunzi wale wangalichelewa miaka 20, wangaliyauliza makaburi.

Leo walioviona vita vile wamekwisha kufa wote. Songea pana Makumbusho ya Majimaji, na kaburi la waliozikwa pamoja, na kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Ni jambo jema. Lakini kaburi halijibu swali. Na hesabu ile ile yawapitia wazee walio hai. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1964, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza na wakimbizi wakauvuka mto Ruvuma kuingia Songea, leo amepita miaka 70. Ni nani aliyekaa naye akamwuliza aliyoyaona?

3. MASUALA NA MAJIBU

Suala: Je, watoto waondolewe safu ya kwanza ili wazee wakae?
Jawabu: Mpango wa sunna ni wanaume mbele, kisha watoto wa kiume nyuma yao. Lakini watoto wakitangulia kufika wakajaza safu ya kwanza, hawaondolewi kwa ajili ya waliochelewa. Hivi ndivyo walivyosema wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii. Amwonaye mtoto kakaa mbele, na asimame ubavuni pake, amfundishe kwa kutulia kwake.

Suala: Mzee asiyejua kusoma Kurani, je, ni aibu kwake kujifunza kwa mtoto?
Jawabu: Si aibu. Amr bin Salama (r.a.) aliwasalisha watu wa kabila lake, wakubwa kwa wadogo, naye ana miaka 6 au 7, kwa kuwa alihifadhi Kurani kuliko wao. Na kwa Shafii sala ya mtu mzima nyuma ya mtoto mwenye kupambanua yasihi, ijapokuwa baleghe ni bora kutangulizwa. Ikiwa yafaa kumfuata katika sala, vipi isifae kumfuata katika alifu na be?

Suala: Mzee akisimulia mambo yasiyo ya dini, kama dawa ile ya maji, je, mtoto azuiwe kusikia?
Jawabu: Asizuiwe. Khabari isimuliwe kama ilivyokuwa, kisha mwalimu abainishe itikadi iliyo sahihi. Kuisimulia itikadi si kuiamini; na mtoto asiyesikia jinsi watu walivyoghurika ndiye atakayeghurika tena.

4. NAMNA YA KUFANYA

Katika nchi ya Marekani serikali ilianzisha mwaka 1965 mpango wa kuwaweka wazee wenye kipato kidogo pamoja na watoto wenye haja, na wazee wakapewa posho. Huko ilihitajiwa ofisi na fedha. Mji wa Kiislamu unao msikiti, na chuo, na baraza. Lililopungua ni nia na siku maalumu. Basi mwalimu wa chuo na ashike mambo haya manne:

Kwanza, achague siku moja katika juma, baada ya Alasiri, wazee waketi na wanafunzi mahali pa wazi panapoonekana na watu, wala mtoto asiachwe peke yake na mtu faraghani.

Pili, mtoto aanze kwa kutoa. Amsomee mzee ambaye macho yake yamepungua sura aitakayo, au amwandikie barua. Hivyo mzee hatajiona kuwa ametafutwa ili akamuliwe kama nazi.

Tatu, mtoto aulize, na mkubwa mwenzake aandike: jina la msimulizi, umri wake, na je, aliona kwa macho yake au alisikia, na kama alisikia, ni kwa nani. Hii ndiyo isnadi, na khabari isiyo nayo ni uvumi.

Nne, mzee asiharakishwe, wala asichekwe akisahau. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba asiyewahurumia wadogo na asiyeijua heshima ya wakubwa hayumo katika njia yake. Amezitaja haki mbili hizi pamoja. Azichukuaye moja akaiacha ya pili hajazitimiza.

Basi, ewe msomaji uliye katikati ya umri, kumbuka kwamba ulikuwa mtoto na hukutaka kufukuzwa, na Mungu akikujaalia umri utakuwa mzee na hutataka kuachwa. Leo jioni nenda barazani kwa mzee wako, nawe umemshika mtoto wako mkono. Waketishe pamoja, kisha nyamaza.

Wabillahi ttaufiq.