Ugumu wa Seli: Ni Heri au Shari?

Tunapochagua embe sokoni Mpanda, hatutosheki na rangi yake. Tunalibonyeza kidogo kwa kidole gumba. Wanasayansi nao huzibonyeza seli zilizo hai. Kidole chao ni hadubini ya nguvu za atomi, iliyotangazwa mwaka 1986 na Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber.

Ndani yake mna kijiti chembamba mno chenye ncha ndogo. Ncha hushushwa juu ya seli iliyo katika kimiminika, kijiti kikapinda, na mwale wa leza unaopiga mgongoni mwake huonyesha kimepinda kiasi gani. Kutokana na kupinda huko, ugumu wa seli hukokotolewa.

Jambo hili linatuhusuje sisi? Seli nyekundu ya damu ina upana wa takribani sehemu 8 kwa 1,000 za milimita, lakini hupita katika mishipa myembamba kuliko yenyewe, kwa kuwa inaweza kujikunja. Kwa mgonjwa wa selimundu, seli zikikosa oksijeni hukakamaa, huziba mishipa na kuleta maumivu makali. Hapo ugumu ni shari.

Sasa tutazame Kilifi, Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature ulichunguza seli za watoto wenye aina ya damu iitwayo Dantu. Hawa hawakuzibonyeza, walipima jinsi utando wa seli unavyotikisika chini ya hadubini. Utando huo ulikuwa umekazika zaidi, na vimelea vya malaria vikashindwa kupenya kwa urahisi. Hapo kukazika ni heri.

Aristotle, na baada yake Mtakatifu Tomaso wa Akwino, wanatufundisha kuutafuta wema wa kitu katika kusudi lake. Chombo hutuambia seli ni ngumu kiasi gani. Hakituambii kama ugumu huo ni mwema. Ili kujua hilo, sharti tumtazame mtu mzima.

Basi tukimwona mtoto mwenye selimundu jirani, tusinong'one habari za laana wala uchawi. Ni urithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Wakiwa wote wamebeba kinasaba hicho bila kuugua, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Wachumba wapime damu mapema, na mtoto apelekwe hospitali badala ya kufichwa.

Tujadili: katika jumuiya zetu, ni mara ngapi tumempima mtu kwa ugonjwa wake tu?