ELIMU YA UVUVI: KIPANDE CHA MBELE YA NDOANA KWA SAMAKI WENYE MENO MAKALI

Wakazi wa kata zinazopakana na Bwawa la Mtera na Mto Ruaha Mkuu, zikiwemo Migoli na Izazi, hutegemea uvuvi kwa kitoweo na kwa kipato. Bwawa hilo, lililojengwa katika miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya kuzalishia umeme Kidatu, limekuwa pia shamba la samaki kwa kaya nyingi. Mvuvi wa ndoana apotezapo ndoana na mshipi kila siku hupoteza fedha ambayo ingenunua unga. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kipande kifupi kinachounganisha mshipi na ndoana, hasa pale anapowindwa samaki mwenye meno ya kukata.

Samaki anayehusika

Katika mfumo wa Mto Rufiji, ambao Ruaha Mkuu ni tawi lake kubwa, huishi samaki ambaye wataalamu humwita Hydrocynus vittatus. Jina hilo la kwanza lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni mbwa wa maji. Mwili wake ni wa rangi ya fedha wenye mistari myeusi inayokwenda kwa urefu. Meno yake ni makubwa, yenye ncha, na huonekana hata anapofumba kinywa, kwa kuwa ya juu na ya chini hupishana. Hula samaki wenzake, hushambulia kwa kasi, na kinywa chake ni cha mfupa mgumu.

Si kila samaki anahitaji tahadhari hiyo. Perege hana meno ya kukata mshipi. Kambale ana vijino vidogo vilivyosongamana kama msasa. Hukwaruza uzi, lakini nailoni nene humtosha. Kwa hao wawili, waya ni gharama isiyo ya lazima.

Nguvu ya kuvuta si nguvu ya kuhimili makali

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba uzi ulioandikwa kilo nyingi kwenye kifungashio hauwezi kukatwa na jino. Kipimo hicho huonyesha uzito ambao uzi unaweza kuuvuta, wala hakisemi lolote juu ya makali. Kamba iliyolegea huweza kukwepa kisu, bali kamba hiyo hiyo ikikazwa hukatika kwa mguso mmoja. Samaki anapovuta, mshipi hukazwa. Jino likiugusa wakati huo, kazi imekwisha. Ndiyo maana wavuvi wa pwani huweka waya wanapovua nguru na mzia.

Aina za vipande na sifa zake

Uzi wa kusokotwa ni mwembamba na wenye nguvu ya kuvuta, lakini hukatwa kwa urahisi kuliko vyote. Unafaa kuwa mshipi mkuu, haufai kukaa karibu na meno.

Nailoni nene hustahimili mikwaruzo ya mawe na magogo, tena hauonekani sana majini. Hata hivyo samaki wa meno makali aweza kuikata. Kila baada ya samaki kunaswa, uzi upapaswe kwa vidole. Ukionekana na mikwaruzo, sehemu hiyo ikatwe.

Waya wa chuma wa uzi mmoja, usioshika kutu, ndio mgumu zaidi kukatwa, na hauhitaji kuwa mnene. Udhaifu wake ni kujikunja. Ukishapata kona kali, hata ukinyooshwa utavunjika pale pale, hivyo ubadilishwe. Haufungwi kwa fundo. Ncha yake huzungushwa juu ya waya wenyewe mara kadhaa kwa kubana.

Waya wa nyuzi nyingi zilizosokotwa ni laini na haujikunji haraka. Meno huweza kukata nyuzi zake moja baada ya nyingine, kwa hiyo uzi mmoja ukionekana umechomoza, kipande chote kibadilishwe. Uliovikwa plastiki huficha kutu ndani yake, na plastiki ikichanika ukaguliwe kwa makini.

Waya laini wa kufungia nondo usitumike. Hunyooka, hushika kutu na kukatika bila dalili.

Urefu na uunganishaji

Kwa samaki wa kawaida, kipande cha sentimita 15 hadi 30 hutosha. Kikiwa kifupi mno, samaki akimeza ndoana meno yatafikia mshipi. Kikiwa kirefu mno, huwa kizito na chambo hakitembei kama kiumbe hai. Nguvu ya waya isipungue ile ya mshipi mkuu. Kati ya viwili hivyo kiwekwe kiungo kidogo kinachozunguka, ili mshipi usijisokote samaki anapojigeuza. Kwa kuwa kinywa ni kigumu, ndoana iwe imenolewa vema.

Usalama na sheria

Waya au mshipi usizungushwe mkononi wakati wa kuvuta, maana huweza kukata vidole. Ndoana itolewe kinywani kwa koleo. Mshipi ukinasa kwenye gogo, mvuvi asiingie majini kuunasua: mamba na viboko wamo, na hakuna ndoana yenye thamani ya mguu wa mtu. Ni afadhali kuukata. Mabaki ya mshipi na waya yaokolewe na kurudishwa nyumbani, kwa kuwa huwanasa ndege na mifugo inayokuja kunywa maji.

Shughuli za uvuvi husimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009, na mvuvi anapaswa kuwa na leseni. Nyavu za nailoni ya uzi mmoja, maarufu kama timba, zimepigwa marufuku. Katazo hilo lisichanganywe na mshipi wa ndoana. Aidha, kuvua ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha bila kibali ni kosa.

Mwananchi anayehitaji maelezo zaidi kuhusu zana au leseni anashauriwa kumwona ofisa uvuvi, au kuanzia ofisi ya mtendaji wa kata yake.