Jinsi ya Kuonekana Ukipotea Majini

Ziwa letu la Mweru lina urefu wa kilometa 131 hivi, na mahali palipo papana zaidi ni kilometa 56. Watu wengi wa pande zetu, tangu Puta mpaka mlango wa mto Luapula, huingia ziwani usiku kwa mitumbwi isiyo na kitu chochote cha kuitia msaada. Wana nyavu, wana makasia, wana taa, na pengine mmoja ana jaketi la kuelea. Jaketi ni kitu chema sana, lakini kazi yake ni kumshika mtu juu ya maji. Halimwambii mtu mwingine kwamba yupo.

Nataka kueleza vyombo vya ishara wanavyochukua wazamiaji wa baharini, kisha tuone ni vipi vinavyotufaa sisi. Mzamiaji akipotea amebaki na kile tu kilichofungwa mwilini mwake. Mvuvi ambaye mtumbwi wake umepinduka yu katika hali hiyo hiyo.

Tarehe 25 Januari 1998, mume na mke, Wamarekani, waliachwa na mashua ya wazamiaji kwenye Great Barrier Reef, yaani mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia. Watu walihesabiwa vibaya. Siku mbili zikapita kabla haijatambulika kwamba hawapo, nao hawakuonekana tena. Baadaye kikaokotwa kibao cha kuandikia chini ya maji, na juu yake maombi ya msaada. Kibao kile kilikuwa ishara, lakini ishara isiyosomeka mpaka uishike mkononi. Mwaka 2004 mzamiaji mwingine aliachwa namna hiyo hiyo karibu na California, katika ukungu, akachukuliwa na mkondo kwa saa nyingi. Yeye alikuwa na filimbi. Merikebu ya matanga yenye vijana wa Skauti ikapita, kijana mmoja mwenye darubini akaona kitu majini, na mtu yule akaokolewa.

Kwa nini ni vigumu hivi kumwona mtu? Hesabu yake ni rahisi. Chukua kimo cha jicho juu ya maji kwa meta, utafute kipeuo chake cha pili, uzidishe kwa 3.57: utapata kilometa mpaka upeo wa macho. Mtu aketiye mashuani, jicho lake likiwa meta 1.5 juu ya maji, aona mpaka kilometa 4 na kidogo. Tatizo basi si upeo, ni udogo. Kichwa cha mtu kikiwa kilometa 1 mbali si kinene kuliko uzi mwembamba wa kushonea ukiunyosha mbele yako kwa urefu wa mkono. Tena kichwa ni cheusi, na maji yenye mawimbi ni meusi. Aogeleaye huiona mashua mapema sana, akadhani nayo imemwona.

Kwa hiyo wazamiaji huchukua puto refu jembamba la rangi ya machungwa, ambalo hukunjwa mfukoni. Mtu akifika juu hulijaza pumzi, likasimama kama mlingoti, karibu meta 2. Rangi hiyo ilichaguliwa kwa sababu haipatikani majini. Sisi hatuna puto, lakini karibu kila nyumba ina dumu la njano la mafuta ya kupikia. Lifunge kwa kamba ndani ya mtumbwi, na kifuniko kikazwe. Mtumbwi ukipinduka, dumu hukuelea na rangi yake huonekana kuliko kichwa. Kitambaa chekundu au cha machungwa juu ya kasia ni kizuri zaidi, maana kina kimo na kinapepea.

Mikono nayo ni chombo. Sheria za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, za mwaka 1972, zinasema kwamba kuinyosha mikono yote miwili kando, kuiinua na kuishusha polepole mara kwa mara, ni ishara ya dhiki. Wengi wetu tukitaka msaada tunapunga mkono mmoja. Lakini ziwani mkono mmoja ni salamu, au ni kumwita mwenye kununua samaki. Walio mashuani watakujibu "Mwapoleni!" kwa furaha na kupita zao.

Filimbi ni kitu cha bei ndogo kabisa, nami naona ndiyo ya kwanza kununuliwa. Sauti ya mtu anayepiga kelele hukauka upesi, bali filimbi yataka pumzi tu. Usichague ile yenye kipira ndani, maana ikilowa kipira hukwama. Ifungwe shingoni, isiwekwe ndani ya kikapu. Kawaida ya wapanda milima ni kupiga mara 6 kwa dakika moja, kunyamaza dakika moja, kisha kuanza tena. Wakati wa kunyamaza unasikiliza jibu.

Mchana wenye jua hakuna kitu kinachofika mbali kama kioo. Miali inayorudishwa na kioo hutanuka kidogo sana: kwa umbali wa kilometa 10, upana wake ni meta 90 hivi. Kwa hiyo ni lazima ulenge. Nyosha mkono, tenga vidole viwili, uweke mashua kati yake, kisha ugeuze kioo mpaka nuru iangukie vidole. Sidii kuukuu ya muziki inafaa vilevile, tena ina tundu la kuchungulia. Jua likiwa upande ule ule wa yule unayemwita, kazi ni nyepesi. Kwetu maana yake ni kwamba asubuhi humulika kwa urahisi kuelekea Nchelenge, na alasiri kuelekea Kongo.

Na Kongo si jambo la mbali. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki humtoa mtu pwani yetu ukamsukuma ng'ambo. Akitua Pweto, au mji wa Kilwa ulio Kongo (si kisiwa chetu cha Kilwa), wengi watamsemesha kwa Kiswahili. Wanaouliza ukurasa huu wa Kiswahili una kazi gani Zambia na wafikiri hapo.

Usiku ni shida ya namna nyingine. Mzamiaji baharini akiwasha taa ndogo inayometameta, ni taa pekee gizani. Ziwani kwetu wavuvi wa chisense huvua kwa taa, hata maji yanafanana na mji. Taa yako iliyotulia haisemi neno. Ni lazima ikatwe kwa kiganja: mara 3 fupi, mara 3 ndefu, mara 3 fupi. Hiyo ndiyo SOS, iliyokubaliwa na mataifa huko Berlin mwaka 1906. Si kifupi cha maneno yoyote; ilichaguliwa kwa kuwa ni rahisi kutambulika. Mwangaza ukifuata mpango huo, hata asiyejua alama za Morse atashangaa na kutazama.

Viko vyombo vikubwa zaidi. Kiko kimtambo cha redio cha ukubwa wa kushikwa mkononi, ambacho hupeleka ishara kwenye setilaiti kwa megahezi 406. Mpango huo, Cospas-Sarsat, ulianzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Urusi ya Kisovieti, na watu wa kwanza kuokolewa kwa njia hiyo waliokolewa mwaka 1982. Kwa pwani ya Afrika Mashariki, kituo cha uokoaji wa baharini kilifunguliwa Mombasa mwaka 2006. Mvuvi wetu hawezi kununua kimtambo hicho kwa fedha ya chisense, lakini simu anayo. Simu ndani ya chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko kilichokazwa, imefungwa kwenye dumu, itaelea pamoja naye. Simu mfukoni hufa kabla ya mwenyewe.

Sasa wewe uliye salama mashuani. Ukiona kioo kinamulika au ukisikia filimbi, mpe mtu mmoja kazi moja tu: anyoshe mkono kumwelekea yule aliye majini, asigeuze macho hata kidogo, wala asisaidie kupiga kasia. Mwenye usukani aufuate mkono ule, maana wimbi moja likipita kati yenu hamtajua tena kichwa kilikuwa wapi. Kisha jibuni kwa filimbi mara 3, apate kujua kwamba ameonekana, aache kuogelea na kungoja pale alipo.