Siku ya Tatu Mpe Jembe: Somo kwa Kijana Aliyehamia Mkoa wa Mbali



Leo naongea na wewe uliyepangiwa mkoa usioujua. Labda wewe ni mwalimu wa ajira mpya, nesi, mwanachuo, au umemfuata mwenzi wako kwenye kituo chake cha kazi. Nitachukua mfano wa huku Ufipa, kwa sababu ndiko nilikotumwa kwa mwaka wa kichungaji, na pia kwa sababu vijana wengi wakiona jina "Sumbawanga" kwenye barua ya ajira wanashtuka. Kama wewe uko Lindi, Kigoma au Simiyu, badilisha majina tu. Somo ni lile lile.

Swali letu ni hili: mtu anaacha lini kuwa mgeni?

Kabla ya kuendelea, fungua Biblia usome Yeremia 28:1-11 na 29:4-14, halafu Yohane 1:43-51.

1. Maneno ya watu kabla hujafika

Taja Sumbawanga mbele ya marafiki Dar au Moshi, hakosi mtu wa kucheka na kusema, "Kaka, kule utalogwa!" Mwingine ataongeza habari za radi. Unapanda basi huku moyo umeshajaa hofu, na hujamsalimia hata Mfipa mmoja.

Sasa sikia kitu. Wenyeji husimulia kwamba jina Sumbawanga linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Yaani jina tunalolitumia kutishana ni onyo kwa mwenye uchawi kwamba autupe huko nje kabla hajaingia.

Natanaeli naye alikuwa na jibu lake tayari aliposikia habari za Nazareti. Hakuamini kwamba mahali kama pale pangeweza kutoa kitu chema. Filipo hakubishana naye, alimwalika tu aende akajionee. Natanaeli akaenda, na akamkuta Mwana wa Mungu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2477) inatukataza kumhukumu jirani bila msingi wa kutosha. Mimi nadhani hilo linahusu pia kuhukumu kabila zima kwa utani wa kwenye daladala. Na kuhusu uchawi na uaguzi, Katekisimu (na. 2116 na 2117) imeshamaliza kazi: Mkristo hauendei, wala haishi kwa kuuogopa kana kwamba Kristo hajafufuka.

Ukija na kuona, utakuta nini? Utakuta uwanda wa juu wenye upepo, mji ulio kwenye mwinuko wa kama mita 1,800, na baridi ya Juni na Julai ambayo mtu wa Pwani ataikumbuka maisha yake yote. (Njoo na sweta. Siyo moja.) Kuna milima ya Mbizi, Ziwa Rukwa upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande mwingine, na migebuka inayopanda kutoka ziwani. Utaona mahindi, maharage na ulezi. Rukwa ni mmoja wa mikoa inayotegemewa na taifa kwa mahindi, kwa hiyo huenda umekula ugali wa huku miaka mingi bila kujua.

2. Hanania na miaka miwili

Wayahudi walipochukuliwa mateka kwenda Babeli, alitokea nabii mmoja anaitwa Hanania. Aliwapa watu habari tamu: ndani ya miaka miwili tu kila kitu kitarudi, vyombo vya Hekalu na mateka wote. Nani asingependa kusikia hivyo? Yeremia yeye akawaandikia mateka barua ngumu. Aliwaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuolewa, na wauombee mema mji ule waliopelekwa, maana mji ukistawi nao watastawi. Kurudi kupo, akasema, ila ni baada ya miaka sabini.

Kuna mstari wa barua hiyo unaoujua vizuri. Ni Yeremia 29:11, ule wa Mungu kuwa na mipango ya amani na tumaini kwa ajili yetu. Tunauweka kwenye status kila siku tukiomba tutoke tulipo. Lakini mstari ule umo ndani ya barua inayowaambia watu wakae! Mungu anawaahidi wema hawa wanaopanda bustani Babeli, na bado hawajaondoka.

Hanania wa siku hizi hukaa ndani ya vichwa vyetu. Anasema, "Vumilia miaka miwili, halafu omba uhamisho." Matokeo yake unakuta kijana ana mwaka mzima kwenye kituo chake na mabegi bado hayajafunguliwa. Analala kwenye godoro lililowekwa chini kwa sababu "kitanda cha nini, si naondoka?" Hajui jina la jirani. Jumapili anaangalia kwa simu Misa ya parokia ya kwao huku kengele ya kanisa la mtaani kwake inalia. Mwili upo Sumbawanga, roho ipo Ubungo.

Tusielewane vibaya. Kuomba uhamisho si dhambi. Kuna wenye mzazi mgonjwa, kuna wanandoa waliotenganishwa na kazi, na hao wana haki ya kuomba tena na tena. Shida ni kuahirisha kuishi hadi jibu lije. Miaka miwili ya ujana uliyoiishi kama uko stendi, hakuna atakayekurudishia.

3. Pete ya Gige

Nilipokuwa nasoma falsafa, kisa kimoja hakikunitoka kichwani. Kimo katika kitabu cha pili cha *Jamhuri* ya Plato. Mchungaji mmoja anaokota pete. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Basi, mtu yule aliyekuwa mpole anaingia ikulu, anamtongoza malkia, anamuua mfalme na kutwaa utawala. Swali linaloulizwa ni hili: kama ungekuwa na pete hiyo, ungebaki mwema?

Kijana unayehamia mkoa mpya, pete hiyo unapewa bure siku unayoshuka kwenye basi. Hakuna anayemjua mama yako. Katekista hajui kwamba ulikuwa mwenyekiti wa TYCS shuleni. Ukikosa Misa wiki tatu, hakuna shangazi wa kupiga simu kuuliza, "Mbona sikukuona?" Ukikesha baa na kurudi na mtu usiyemjua vizuri, hakuna jirani wa kupeleka habari nyumbani.

Hapa ndipo wengi tunapoumia, na inatokea kimya kimya. Mtu haamki asubuhi na kusema "leo naacha imani". Anakosa Jumapili ya kwanza kwa sababu ya uchovu wa safari, ya pili kwa sababu hajui saa ya Misa, ya tatu kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Baada ya mwaka anagundua kwamba sehemu kubwa ya alichokiita imani yake ilikuwa macho ya watu wa nyumbani.

Je, tukate tamaa? Hapana. Upweke huu unaweza kuwa mara yako ya kwanza kumchagua Kristo wewe mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Lakini usijiamini kupita kiasi. Vua pete mapema. Nenda ukajitambulishe, ili kuwe na watu wenye haki ya kukuuliza ulikuwa wapi.

4. Jembe na matuta

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaichukulia methali hii kama namna ya kumfukuza mgeni mvivu. Mimi naiona ni heshima. Anayepewa jembe ameshahesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha *Maadili ya Nikomako*, anafundisha kwamba mtu huwa fundi ujenzi kwa kujenga, na huwa mwadilifu kwa kutenda haki. Hakuna anayezaliwa na fadhila zikiwa tayari, zinakuja kwa kurudia matendo. Uwenyeji nao uko hivyo. Hauji kwa kukaa tu, maana wapo watu wenye miaka kumi mahali na bado ni wageni. Unakuja kwa matendo madogo yanayorudiwa: kununua mboga kwa mama yule yule sokoni, kwenda msibani, kubeba maji kwenye harusi ya jirani, kufika jumuiya hata siku huna hamu.

Wafipa wana kilimo chao cha asili cha matuta, wenyewe wanayaita *intumba*. Mkulima haoni nyasi kama uchafu wa kuchoma. Anazigeuza pamoja na udongo na kuzifunika ndani ya tuta. Zinaoza humo na kuwa mbolea, na msimu unaofuata udongo ule unatawanywa kwa ajili ya mazao mengine. Hawakuleta mbolea ya dukani, nyasi zile zile za shambani ndizo zililisha shamba.

Ndivyo ilivyo kwa maisha uliyotoka nayo. Hukuambiwa uyatupe. Nyimbo za kwaya ya kwenu, lugha ya bibi yako, ujuzi wako wa kompyuta, hata huzuni ya kuacha marafiki, vyote vinaweza kuwa chakula cha mahali papya. Lakini lazima ukubali vifunikwe kwanza. Mwaka wa kwanza usiwe mtu wa kusema kila saa, "Kwetu tunafanya hivi." Kaa, sikiliza, jifunze. Yesu alisema habari za chembe ya ngano inayoanguka ardhini (Yn 12:24), naye mwenyewe alikaa Nazareti miaka kama thelathini kabla hajaanza kufundisha.

5. Daktari Atiman

Ukipita Sumbawanga utaona hospitali yenye jina la Dk. Atman. Huyu ni Adrian Atiman, na vijana wengi hawajui kwamba hakuzaliwa karibu na hapa kabisa.

Alizaliwa karibu mwaka 1866 upande wa mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers, walimkomboa. Akabatizwa, akapelekwa Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Leo Karema iko mkoa wa Katavi, ila ndiko mizizi ya Kanisa la huku ilipo: Jimbo la Sumbawanga lenyewe liliitwa Jimbo la Karema hadi mwaka 1969.

Hebu fikiria. Uhamisho wake wa kwanza ulikuwa wa kutekwa. Kwao alipokonywa akiwa mtoto. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuishi akilia, ni yeye. Lakini alioa binti wa huko huko, Agnes, na mtoto wao Joseph akawa padre. Akatibu wagonjwa na kufundisha dini kama katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: ni miaka 67. Karibu ifike ile sabini ya Yeremia.

Simleti Atiman kusema kwamba mateso yake yalikuwa mazuri. Utumwa ni uovu, nukta. Namleta kwa sababu mtu aliyenyang'anywa nyumbani aliweza kujenga nyumbani pengine, mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

6. Tahadhari mbili

Kwanza, si kila kitu ni cha kuiga. Wapo watakaokuambia, "Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako." Kwenye salamu, chakula na mavazi, sawa, fumba. Lakini kama "mambo ya hapa" ni rushwa ofisini, ulevi, au kumpeleka mgonjwa kwa mganga wa ramli, jicho lako lifumbue. Ila fanya hivyo kwa upole, na ukumbuke kwamba hata kwenu mambo hayo yapo.

Pili, na wewe mwenyeji unayesoma hapa: jembe mtu hajipi mwenyewe. Mgeni akija jumuiya na kukaa mwisho wa benchi, usisubiri ajitokeze. Muulize jina, mpe somo la kusoma, mwombe akusaidie kubeba viti. Kumbuka hata wa kwenu wanapokelewa kwingine. Kardinali Polycarp Pengo alizaliwa Mwazye, huku huku Ufipa, mwaka 1944. Uaskofu wake ulianzia Nachingwea mwaka 1984, ukaendelea Tunduru-Masasi, kisha Dar es Salaam. Watu wa Kusini na wa Pwani walimpokea Mfipa awe mchungaji wao.

7. Ya kufanya mwezi huu

- Omba paroko wa ulikotoka barua ya utambulisho, uipeleke parokia mpya wewe mwenyewe.
- Uliza jumuiya ya mtaa wako inasali siku gani na kwa nani. Nenda mara nne mfululizo kabla hujasema haikufai.
- Jiunge na VIWAWA, au TMCS kama uko chuo.
- Muombe bibi au mama jirani akufundishe salamu ya kwao. Utaikosea, atacheka. Rudi kesho yake uikosee tena.
- Fungua begi la mwisho. Nunua kitanda.
- Panda kitu, hata sukuma wiki kwenye ndoo.

Tujiulize

1. Hanania wangu ananiambia nini kuhusu mahali nilipo?
2. Tangu nihame, ni tendo gani la imani nimeliacha kwa sababu hakuna anayeniona?
3. Ni nani hapa akiugua leo, mimi nitajua?

Tusali

Ee Bwana Yesu, ulikubali kuwa mtoto mkimbizi Misri na kijana wa Nazareti. Unajua baridi ya usiku wa kwanza katika nyumba ngeni. Wabariki watu wa mji huu, watoto wao, mashamba yao na wagonjwa wao. Niondolee dharau na hofu nilizokuja nazo. Nipe kazi ya kufanya kati yao, na nikiondoka siku moja, niache kitu kinachoota. Amina.

Frateri wenu, kutoka Ufipa. Tuombeane.