Maua Marefu ya Asili kwa Bustani Yenye Unyevu na Jua: Jinsi ya Kuchagua, Kununua na Kutunza

Wakazi wengi wa majimbo ya kati na kaskazini mwa Marekani wana sehemu ya kiwanja ambayo hubaki na unyevu muda mrefu baada ya mvua. Nyasi za kawaida hazistawi hapo, na mwenye nyumba huishia kutumia fedha nyingi kuikausha. Katika somo hili tunaeleza njia nyingine: kupanda maua ya asili ya kudumu, ambayo hupenda unyevu na huchipua upya kila mwaka. Tunaeleza pia kosa moja la ununuzi linaloweza kumgharimu mnunuzi na majirani zake.

Mimea mitatu ya kuanzia

Majina ya mitaani hubadilika kutoka duka moja hadi jingine. Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi adai jina la kisayansi kwenye lebo.

1. Asclepias incarnata. Hufikia takriban mita 1 hadi 1.5 na hutoa maua ya waridi. Viwavi wa kipepeo monaki hutegemea hasa mimea ya jenasi hii ya Asclepias kwa chakula; pasipo mimea hiyo, kipepeo huyo hupata shida kubwa kuzaliana. Utomvu wake mweupe una sumu, hivyo watoto na mifugo wasiutie kinywani.

2. Eutrochium maculatum. Hufikia mita 1.2 hadi 2. Majani yake hupangika kwa duara, manne au zaidi katika kila kifundo cha shina, na kingo zake zina meno.

3. Vernonia fasciculata. Hufikia mita 1 hadi 1.8, na maua yake ni ya zambarau iliyokolea. Wasomaji waliotoka Afrika Mashariki watautambua undugu wake na mtugutu.

Mmea wa kuepuka

Lythrum salicaria una maua mazuri ya zambarau na hupenda unyevu vilevile, lakini asili yake ni Ulaya na Asia. Mmea mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Maji huzisambaza hadi kwenye vinamasi, na huko mmea huo huisonga mimea ya asili. Majimbo mengi, Minnesota likiwa mojawapo, yamepiga marufuku uuzaji wake. Muuzaji akidai kwamba aina yake ni tasa, asiaminiwe: aina hizo zimeonekana kuchavushana na nyingine na kutoa mbegu. Utautambua kwa shina lenye pembe na majani yasiyo na meno kwenye kingo.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Je, mche umekuzwa kitaluni au umeng'olewa porini? Miche ya porini mara nyingi hufa, na kuing'oa hupunguza mimea ya asili. Je, umewekwa dawa za kuua wadudu za kundi la neonikotinoidi? Dawa hizo huingia ndani ya mmea mzima, na kiwavi alaye jani huweza kufa. Asiyejibiwa waziwazi na anunue kwingine, tena adai risiti.

Kupanda na kutunza

Kabla ya kuchimba, piga simu namba 811 siku chache mapema. Mabomba na nyaya zilizofukiwa zitawekewa alama bila malipo. Uliza pia ofisi ya mji kuhusu urefu wa mimea unaoruhusiwa mbele ya nyumba, maana ua refu likidhaniwa kuwa gugu huweza kuleta faini.

Chagua mahali penye jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Panda miche kwa nafasi ya sentimita 60 hadi 90, na uimwagilie mara kwa mara katika mwaka wa kwanza. Usiongeze mbolea: mashina hurefuka kupita kiasi yakaanguka. Anayetumia mbegu azipande kabla ya majira ya baridi, kwa kuwa huhitaji baridi na unyevu ili ziote.

Mwaka wa kwanza mmea hujenga mizizi zaidi ya majani. Usikate tamaa wala usikimbilie kudai fedha zako. Asclepias huchelewa kuchipua baada ya baridi, hivyo usiichimbue ukidhani imekufa. Mashina makavu yaache hadi majira ya machipuko, kwani baadhi ya nyuki hujihifadhi ndani yake.

Kwa ufupi: soma jina la kisayansi, uliza kuhusu dawa, tunza risiti, kisha panda. Atakayefuata utaratibu huu atanunua mara moja na kuvuna maua kwa miaka mingi.