Namna ya kuusoma mchoro ambao Joker aliuacha

Katika filamu ya Batman ya mwaka 1989, iliyoongozwa na Tim Burton, kuna sekunde chache ambazo watazamaji wengi huzicheka na kusonga mbele. Joker, anayeigizwa na Jack Nicholson, ameingia na genge lake katika jumba la makumbusho la Flugelheim baada ya gesi kuwaangusha watu waliokuwamo. Muziki wa Prince unapigwa, vijana wanacheza huku wakizimwagia rangi kazi za mabingwa: uso wa Rembrandt, wachezaji wa Degas, hakuna anayeheshimiwa. Kisha Bob, mtu wake wa karibu, anainua kisu mbele ya mchoro mmoja wenye giza. Joker anamzuia kwa fimbo, anautazama, anasema huu anaupenda kidogo, uachwe. Mchoro wenyewe ni Figure with Meat wa Francis Bacon, wa mwaka 1954, na ule halisi uko Art Institute of Chicago.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba muuaji kapenda mchoro wa nyama, na hapo mambo yameisha. Mimi nashauri tusimwanze muuaji. Tuanze na mchoro, kwa sababu tabia ya Joker tunadhani tunaijua tayari, na dhana hiyo ndiyo inayotupofusha. Ndani ya mchoro ameketi Papa, uso umevurugika kama uliopanguswa kwa kitambaa rangi ikiwa bado mbichi. Nyuma yake zimening'inia pande mbili za ng'ombe aliyechinjwa, mbavu nje, kama buchani. Papa huyu si wa kubuni. Bacon alimtoa kwa Velázquez, aliyemchora Papa Innocent X mnamo 1650 akiwa na macho makali na mamlaka yake yote. Bacon alizitazama nakala zilizochapishwa za kazi hiyo mwaka hadi mwaka, akamkalisha Papa yule upya, akamharibu. Hata nyama ina ukoo: Rembrandt alishachora ng'ombe aliyening'inizwa mwaka 1655.

Sasa rudi kwa Joker, uangalie kazi ya mikono yake na si maneno yake. Tangu alipotumbukia kwenye pipa la kemikali akatoka na ngozi nyeupe na tabasamu lisilofutika, kazi yake ni moja: kuchukua uso uliokamilika na kuuvuruga. Sumu yake huwaacha maiti wakikenua meno. Alicia, mwanamke wake, anatokea dakika chache baadaye humo humo makumbushoni akiwa amevaa kinyago, na chini yake kuna uso ambao Joker ameuchakaza na kuuita sanaa. Kwa hiyo rangi ile ya ukutani si uhuni mtupu. Ni fundi anayepita kazi kwa kazi akimalizia anachoona kimebaki. Anapofika kwa Bacon anakuta kazi imeshafanywa. Mtu mwingine alitangulia, akamchukua bingwa wa zamani, akauvuruga uso wake. Kisu cha Bob kingeongeza nini?

Kuna watakaosema ninachimba kisima kwenye jiwe: Burton alitaka kuchekesha tu. Sawa, ni utani, lakini utani nao una ufundi wake. Kama lengo lingekuwa kuonyesha tu kwamba adui anapenda vitu vya kutisha, mchoro wowote wa mafuvu ungetosha. Aliyewekwa pale ni mchoraji aliyefanya kwa mabingwa kile kile ambacho genge linafanya mbele ya macho yetu. Iwe ni makusudi au bahati, ushahidi uko kwenye skrini.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile la picha za vita. Joker anakaa mezani na Vicki Vale, mpiga picha, anazitupilia mbali picha zake za mitindo, lakini za maiti anazisifu. Je, si kifo tu anachokipenda? Nakubali kifo kimo. Ila tazama anavyozungumza: anasifu jinsi zilivyopigwa, anajitambulisha kama msanii, anataka washirikiane. Anayependa maiti tu asingehitaji mshirika. Tena wakati huo wote yeye mwenyewe amejipaka rangi ya ngozi ya kawaida usoni, ili aonekane mzima. Vicki anapomrushia maji, rangi inachuruzika na weupe unachomoza. Kumbe chini ya turubai ile nadhifu kulikuwa na uso uliovurugwa zamani.

Linabaki neno moja ambalo watafsiri wa harakaharaka hulisahau: "kidogo". Angekuwa shabiki angeusifu mchoro kwa kelele, maana Joker hana haya ya kupiga kelele. Hapa anapunguza sauti, anausifu nusunusu, kisha anaondoka haraka kama fundi aliyepita mbele ya duka la fundi mwenzake.